MAMBO HAYAENDI MRAMA YENYEWE



Kuna neno moja la mabaharia ambalo siku hizi halikosi katika mkutano, wala barua, wala gazeti. Neno lenyewe ni mrama. Mshahara ukichelewa, twaambiwa mambo yamekwenda mrama. Hesabu za chama zisipolingana, mambo yamekwenda mrama. Mazungumzo na mwajiri yakivunjika, yamekwenda mrama. Hata harusi ikipungukiwa na pilau, wageni huambiana njiani kwamba leo mambo yamekwenda mrama.

Mimi sina ugomvi na neno hili. Ni neno zuri, nalo limetoka kwa wazee waliojua kazi yao. Ugomvi wangu ni na wale wanaolitumia kama shuka la kujifunika. Sisi ni watu wa kazi, na neno hili lilizaliwa kazini. Kwa hivyo ni haki yetu kuuliza limefanywa nini, na kulirudisha penye maana yake.

MRAMA NI NINI?

Mrama ni kule kuyumba kwa chombo majini. Ubavu mmoja wainuka na wa pili walala, kisha wa pili wainuka na wa kwanza walala. Au omo yapanda na tezi yashuka. Chombo kikiwa katika hali hiyo mabaharia husema, "Chombo kinakwenda mrama." Neno hili halipendi kutembea peke yake. Karibu siku zote utalikuta limeshikana mkono na neno kwenda, na hapo ndipo penye siri yake. Chombo kinachokwenda mrama bado kinakwenda. Hakijazama, hakijavunjika, wala hakijapotea njia. Kinakwenda vibaya, kwa taabu na kwa hatari, lakini kingali juu ya maji na watu wangali ndani yake.

Mtu aliyepata kusafiri kwa jahazi kati ya Lamu na Mombasa wakati wa kusi anaijua khabari hiyo. Kusimama hakuwezekani, sufuria la wali lamwagika, abiria wa bara anatapika na kumwita mama yake. Lakini nahodha hakuketi akalia. Baharia aliposema chombo chaenda mrama alikuwa akiwaita wenzake: shikeni kamba, sogezeni mzigo, fueni maji. Neno lilikuwa wito wa kazi. Leo sisi tumelifanya neno la kumalizia kazi. Mtu husema mambo yamekwenda mrama, akafunga daftari lake, akaenda nyumbani.

Lugha yetu si maskini hata neno moja libebe mizigo yote. Tiara ikikatika uzi ikachukuliwa na upepo, watoto wa pwani husema imekwenda arijojo. Hiyo huioni tena. Jahazi likiachwa na maji juu ya fungu limepwelewa, na dawa yake ni kungoja maji yajae. Likipanda mwamba, huko ni kuvunjika. Kitu kilichopinda kimekwenda kombo. Kazi isiyo na mpango inakwenda segemnege. Na kilichozama kimezama, hakina jina jingine.

Basi mtu akituambia chama fulani kimekwenda mrama, hali pesa zote zimeliwa, ofisi imefungwa na daftari hazionekani, huyo ametudanganya kwa ulaini wa maneno. Chama hicho kimezama, na waliokizamisha wana majina. Na mtu akituambia tumekwisha, hali wanachama wapo, ada zinalipwa na mkataba ungali na nguvu, huyo naye ametuvunja moyo bure. Sisi hatujaisha. Sisi tunakwenda mrama, na mrama una dawa.

SABABU ZA MRAMA

Baharia hakuridhika kusema chombo kinayumba. Aliuliza kwa nini, na majibu aliyajua. Nitayataja machache.

Kwanza ni shehena. Chombo kilichopakiwa vizito juu na vyepesi chini hulewa, hata katika bahari ya kawaida. Vizito vikae chini, karibu na mkuku. Tajiri mwenye tamaa hupenda kurundika mzigo juu ya sitaha kwa sababu kila gunia lina nauli yake. Bahari haijui hesabu ya nauli.

Pili ni farumi. Chombo kisicho na mzigo wa kutosha hutiwa mawe au mchanga chini ili kisimame imara. Hata leo mashua za Lamu huchukua mifuko ya mchanga, na mabaharia hukalia ubao upande unakotoka upepo ili mashua isilale. Farumi haiuzwi bandarini, haimpi mtu faida ya leo, na mwenye choyo huiona ni uzito wa bure. Lakini siku ya dhoruba farumi ndiyo inayorudisha watu kwa watoto wao.

Tatu ni mzigo usiofungwa. Magunia yakiachwa huru, wimbi la kwanza huyatelezesha upande mmoja, na wimbi la pili huyakuta huko huko. Hapo chombo hulala, na kuinuka ni shida.

Nne ni maji ya ngama. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, hata kikikalafatiwa namna gani. Maji hayo yakiachwa hayatulii; chombo kikiinama kushoto nayo hukimbilia kushoto, yakazidisha kuinama. Ndiyo sababu kufua maji ni kazi ya kila siku, usiku na mchana, wala hakungojwi mpaka mguu ulowe.

Tano ni upepo, na hapa watu wengi wa nchi kavu hukosea. Wao hudhani upepo ndio uletao mrama. Mara nyingi ni kinyume. Tanga likijaa vizuri hukishika chombo kikatulia upande mmoja. Upepo ukianguka ghafula na mawimbi yangalipo, tanga likawa linapigapiga mlingoti, hapo ndipo chombo husukwasukwa vibaya zaidi. Kimya hicho huchosha mabaharia kuliko upepo mkali.

Sita ni usukani. Mshika usukani akiyaacha mawimbi yapige ubavuni, chombo chema kitakwenda mrama kama kibovu.

Tazameni basi, ndugu zangu. Mawimbi na upepo ni vya Mungu. Shehena, farumi, kamba, ngama na usukani ni vya mikono ya watu. Wazee wetu walijua kugawa: hili la bahari, hili letu. Sisi leo tumechukua neno lao tukaitupia bahari yote.

NENO LISILO NA MTU

Nimepata kuona barua ya mwajiri mmoja ambaye jina lake nitaliacha. Wafanya kazi wake walikuwa wakikatwa mishahara kila mwezi kwa ajili ya chama cha akiba na mikopo na kwa ajili ya malipo ya uzeeni. Karatasi ya mshahara ilionyesha makato hayo kwa shilingi na senti. Fundi mmoja alipokwenda kuomba mkopo amlipie mtoto karo, akaambiwa akiba yake haijafika kwa miezi mingi. Wenzake wakauliza, nao wakakuta ni vivyo hivyo. Barua ya mwajiri ilipokuja ilikuwa ya adabu sana. Ilisema kwamba katika kipindi kigumu cha biashara mambo yalikwenda mrama kidogo, na wafanya kazi waombwa kuwa na subira.

Isomeni tena sentensi hiyo. Ni nani aliyetenda jambo ndani yake? Mambo. Mambo ndiyo yaliyokwenda. Hakuna karani aliyekata, hakuna mkubwa aliyetia sahihi, hakuna mtu aliyeamua pesa za fundi zilipe deni jingine. Kuna mambo tu, yameondoka yenyewe kwa miguu yao, yakaenda mrama. Mambo hayana miguu, ndugu zangu. Pesa iliyokatwa mfukoni mwa mtu haiyumbi ikaanguka njiani. Kuna mkono ulioipokea na mkono ulioizuia.

Na sheria haisemi "mambo". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanya kazi maandishi yanayoeleza mshahara na makato yake, na pesa alizozikata kwa ajili ya watu wengine azipeleke kwa wakati wake. Asipozipeleka ni kosa. Sheria inamtaja mwajiri kwa cheo chake, nasi tumtaje vivyo hivyo. Barua ya namna ile ikija tena, tusiijibu kwa kusema nasi twasikitika mambo yamekwenda mrama. Tuijibu kwa kuuliza: ni nani aliyekata, ni nani aliyezuia, zilikwenda wapi, na zitarudi tarehe ngapi?

NYUMBANI KWETU

Lakini tusimnyoshee mwajiri kidole peke yake, maana shuka hili na sisi twalijua kujifunika. Ni mara ngapi mweka hazina wa tawi amesimama mbele ya wanachama akasema stakabadhi hazikupatikana kwa sababu mambo yalikwenda mrama? Ni mara ngapi kesi ya mwenzetu aliyefukuzwa kazi imepitwa na tarehe kwa sababu hiyo hiyo? Mwenzetu huyo alikuwa na watoto wanaongoja chakula. Yeye hakuhitaji kuambiwa khabari ya bahari, alihitaji mtu wa kupeleka karatasi mahakamani siku iliyotakiwa.

Chama nacho kina farumi yake. Akiba ya siku ya taabu ni farumi. Kuwafundisha wanachama mkataba wao, mpaka kila mtu aweze kuusoma mwenyewe, ni farumi. Daftari safi ni farumi. Mambo haya hayapigiwi makofi mkutanoni, na kiongozi mwenye haraka ya sifa huona afadhali pesa ziende kwenye magari na mapambo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 hutaka hesabu za chama zikaguliwe na zipelekwe kwa Msajili kila mwaka. Hiyo ndiyo kazi ya kufua maji. Anayesema ataifua ngama mwakani hajui bahari.

Na upepo wetu ni wanachama. Mkutano ukiitishwa na watu wakaja, wakasema, wakabisha, viongozi wengine huona ni vurugu na kuomba utulivu. Mimi nasema huo ni upepo ulioshika tanga. Kuogopesha ni ule ukumbi mtupu, wanachama kumi wamekaa nyuma wakitazama saa, na kila jambo lapita bila swali. Utulivu huo ndio wa tanga linalopigapiga mlingoti.

Historia ya pwani yetu ina ushuhuda. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi pamoja: makuli wa bandari, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walishikilia karibu wiki mbili. Serikali ya kikoloni iliona ni ghasia, lakini kwa wafanya kazi chombo kilikuwa kimetulia kuliko wakati wowote, kwa sababu tanga lilijaa. Mrama ulikuja baadaye. Mwezi wa Agosti mwaka huo Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lao la African Workers' Federation, alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa mbali katika wilaya ya Baringo, na shirikisho likalegea. Wakoloni walijua wanalolifanya: walimwondoa mshika usukani mmoja kabla wengine hawajapata nafasi ya kujifunza usukani. Funzo langu ni hili: chama kinachotegemea mtu mmoja ni chombo kisicho na farumi, hata mtu huyo awe shujaa namna gani.

METHALI INAYOPOTOSHWA

Sasa nifike kwenye methali, kwa kuwa najua mtu mmoja amekwisha kuishika mkononi anangoja nimalize. Wazee walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Ni kweli kabisa, na vyama vya Kenya viliilipia ukweli huo. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Kenya Federation of Labour ilikuwa ikishindana na mashirikisho mengine, kila upande na viongozi wake na marafiki zake wa nje. Matawi yaligombaniwa, na mwaka 1965 magomvi yalileta vifo. Serikali iliyafutia usajili mashirikisho yaliyoshindana, na mwaka huo huo ikaanzishwa COTU. Manahodha waligombania usukani mpaka mwenye bandari akawanyang'anya wote chombo. Mtu yeyote anayetaka leo kulivunja tawi awe mkubwa wa kijitawi chake ayakumbuke hayo.

Lakini methali hii imepata matumizi mengine. Mwanachama akisimama kuuliza khabari ya pesa, mwenyekiti humkatiza: "Ndugu, keti. Manahodha wengi chombo huenda mrama." Watu hucheka, na mwuliza swali huketi kwa aibu. Hapo methali imegeuzwa kuwa kufuli.

Isikieni vizuri. Methali yataja manahodha. Haikusema mabaharia wengi, wala macho mengi, wala wafuao maji wengi. Chombo hakipati mrama kwa sababu mtu aliyesimama omo amepiga kelele, "Mwamba!" Mtu huyo hakutaka usukani. Alitaka kufika. Nahodha atakayemwambia anyamaze kwa kuwa nahodha ni mmoja, huyo ataupanda mwamba akiwa peke yake katika heshima yake. Amri iwe moja, lakini macho yawe ya kila mtu.

Na hata nahodha hakufanya kazi zote. Alikuwapo sarahangi wa kuwasimamia mabaharia, alikuwapo mshika usukani, walikuwapo wa matanga na wa ngama. Cheo hicho cha sarahangi kilishuka kikaingia bandarini. Zamani pale Kilindini mkuu wa genge la makuli aliitwa hivyo hivyo. Tazameni jinsi maneno ya bahari yalivyoingia katika kazi zetu yakiwa na wajibu wake: sarahangi akiwa baharini au gatini, alijulikana anasimamia nini, na kazi ikiharibika aliulizwa yeye. Neno mrama limeingia nchi kavu, lakini wajibu wake tumeuacha majini.

JIBU KWA WANAOBISHA

Wengine watasema lugha hukua, na mtu wa Kericho au Machakos hana haja ya kujua farumi ili aseme mambo yamekwenda mrama. Nakubali nusu. Ni fahari yetu kwamba mchuma chai ambaye hajaona bahari hutumia neno la baharia wa Lamu; Kiswahili ndicho kilichotuunganisha makazini watu wa makabila mbalimbali, na bila hicho vyama vyetu visingesimama. Naye mchuma chai anajua vizuri kwamba gari likipinduka kuna aliyelipakia kupita kiasi. Hahitaji jahazi kumfundisha hayo. Ninachoomba ni kwamba asikubali neno lake limfumbe macho.

Wengine watasema mambo mengine kweli hayana mwenyewe: ukame, vita vya mbali, bei ya mafuta, maradhi. Kweli, na hayo ndiyo mawimbi. Bandari nzima yaweza kukosa kazi kwa sababu ya jambo lililotokea upande wa pili wa dunia. Lakini hata katika wimbi la Mungu kuna maswali ya watu. Kwa nini wimbi moja liwatupe makuli majini na wakubwa wabaki wakavu? Ni nani aliyeuza farumi mwaka jana?

TUFANYE NINI

Napendekeza jambo dogo lisilo na gharama. Tangu mkutano ujao wa tawi, mtu yeyote, awe mwajiri, katibu, mweka hazina au mwanachama, akisema mambo yamekwenda mrama, asiachwe akae. Aulizwe kwa adabu maswali matatu, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano:

1. Ni nani aliyepakia? Yaani ni nani aliyeamua, kwa jina au kwa cheo.

2. Farumi i wapi? Yaani ile akiba, ile hesabu, au yale maarifa ambayo yangetusimamisha, yalikwenda wapi.

3. Ni nani anayefua maji sasa? Yaani ni nani amepewa kazi ya kutengeneza, na atatuletea khabari tarehe ngapi.

Mwenye majibu tumshukuru, hata kama majibu yenyewe ni machungu, maana amefanya kazi ya baharia. Asiye na majibu ajue kwamba hatukumwita mkutanoni kutueleza tabia ya bahari.

Chombo chetu kimepita katika maji mabaya tangu enzi za ukoloni na hakijazama. Kinakwenda mrama, lakini kinakwenda. Tawi linakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi. Njoni na karatasi zenu za mishahara, na kila mtu aje na swali lake.

UMOJA NI NGUVU.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mombasa